Boksi la besi la gari: pima lita kwanza, msumeno baadaye

Boksi langu la kwanza lilipimwa kwa mikono. Fundi mmoja wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, aliishika spika yangu ya inchi 12, akaigeuza sumaku juu, akaenda kwenye buti la gari, akatanua mikono huku na huku kama anayepima jeneza, akasema: "Mdogo wangu, acha hela ya mbao, urudi Jumamosi." Jumamosi nikalikuta boksi zuri hasa. Pembe zimekutana, kapeti jeusi limevutwa halina hata kunyanzi, na kando ya spika kuna tundu la duara la sentimita 10, "la kupumulia".

Nikafunga, nikawasha. Nyimbo zote zikawa na ngoma moja. Niweke Bongo Fleva, niweke kwaya, ni vuum, vuum, ile ile. Watu wa kituo cha daladala cha Kabwe walinisikia nikiwa bado mbali, lakini hakuna aliyejua ni wimbo gani unapigwa. Haikupita miezi miwili koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, ikaungua.

Kazi ya mikono ya yule fundi sikuwa na neno nayo. Kilichokosewa ni hewa. Spika ya besi hupiga ikisukumana na hewa iliyofungiwa nyuma yake, na hewa hiyo ina kipimo chake, kwa lita. Boksi ni chombo cha kuishika tu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na simu yenye kikokotoo, na msumeno utaukuta katikati.

Nunua spika kwanza, na usitupe karatasi yake

Usimruhusu mtu akukatie boksi kabla spika haijawa mkononi mwako. Kwenye karatasi iliyomo ndani ya katoni tafuta herufi tatu: Fs, Qts na Vas. Zinaitwa vipimo vya Thiele na Small. Neville Thiele, mhandisi wa Australia, aliyaweka mahesabu ya msingi mwaka 1961, na Richard Small akayapanua miaka ya 1970. Mpaka leo mafundi wa dunia nzima wanakula kwenye sahani hiyo.

Fs ni mtetemo wa asili wa spika ikiwa nje ya boksi, kwa Hz, yaani mitetemo kwa sekunde. Qts inaeleza jinsi spika inavyojizuia yenyewe isiendelee kuyumba. Vas ni kiasi cha hewa chenye ugumu sawa na ugumu wa mpira na kitambaa kinachoishikilia koni. Karatasi ikiwa haina herufi hizo, ina "2000W" peke yake kwa maandishi ya dhahabu, irudishe dukani.

Tuchukue spika ya mfano: inchi 12, Fs 28 Hz, Qts 0.45, Vas lita 50. Hesabu zote zinazofuata zinatumia hiyo. Wewe weka namba zako.

Chagua: la kuziba au la bomba

La kuziba halina tundu lolote. Ni dogo, linasamehe makosa, na besi yake inakata pale ngoma inapokata. La bomba lina mrija unaoifanya hewa ya ndani isukume pamoja na spika kwenye sauti za chini, kwa hiyo wati zilezile zinatoa kishindo kikubwa zaidi. Si jambo jipya: Albert Thuras wa maabara za Bell huko Marekani alipewa hataza yake mwaka 1932. Ila la bomba ni kubwa zaidi, na ukikosea hesabu yake utapata kilichonipata mimi.

Kama hili ni boksi lako la kwanza, tengeneza la kuziba. Anayependa kwaya na gitaa la besi hatajuta: waya mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne unapiga 41 Hz, na boksi zuri la kuziba ndani ya gari dogo linafika huko bila shida, kwa sababu kibanda cha gari chenyewe kinasaidia sauti za chini.

Hesabu ya lita

Kwa boksi la kuziba tunalenga ile Qts, spika ikiwa ndani ya boksi, ipande hadi 0.707, ambapo besi inashuka laini bila uvimbe. Gawa 0.707 kwa Qts. Jibu lizidishe kwa lenyewe. Toa 1. Kisha gawa Vas kwa kilichobaki.

Kwa spika yetu: 0.707 ÷ 0.45 ni 1.571. Mara yenyewe ni 2.47. Toa 1, inabaki 1.47. Lita 50 ÷ 1.47 ni lita 34.

Hizo ni lita za hewa tupu. Sumaku na kikapu cha spika vitakula lita mbili na nusu hivi, na mbao za kukazia ndani zitakula moja na nusu. Kwa hiyo boksi lenyewe liwe na lita 38 ndani.

Hapa sisi wa nyanda za juu tuna kijambo chetu. Namba ya Vas huwa imepimwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa asilimia 18 hivi. Hewa yetu ni springi laini zaidi, na ile Vas ya lita 50 huku inakuwa kama 41. Ukirudia hesabu utaona lita 28 zingetosha. Maana yake ni nzuri: buti likikubana, una ruhusa ya kupunguza lita kadhaa bila kuharibu kitu. Usipopunguza, besi inakuwa kavu kidogo zaidi, tofauti ambayo sikio haliioni kirahisi. Nikishuka Kyela ziwani, boksi langu linabadilika tabia kwa mahesabu tu. Abiria hawajawahi kulalamika.

Kama umeng'ang'ania bomba

Urefu wa bomba unakokotolewa hivi: zidisha 23,562 kwa kipenyo cha ndani cha bomba kilichozidishwa kwa chenyewe. Gawa jibu kwa Hz unazotaka zikizidishwa kwa zenyewe, kisha gawa tena kwa lita za boksi. Mwisho toa kipenyo mara 0.73. Vipimo vya urefu na kipenyo ni sentimita.

Boksi la lita 50, shabaha 35 Hz, bomba la maji taka la inchi 4 lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10: 2,356,200 ÷ 1,225 ÷ 50 ni 38.5. Toa 7.3. Bomba liwe sentimita 31. Lipime kwa ndani mwenyewe, maana mabomba ya PVC yanatofautiana unene. Mdomo wa ndani uwe mbali na ukuta wa boksi angalau kwa kipenyo kimoja cha bomba. Likigoma kuingia, tumia kona ya bomba lilelile. Ongeza pia lita 3 kwenye boksi, maana bomba nalo linachukua nafasi. La inchi 2 usiliguse, litapiga miluzi.

Siku nilipoijua hesabu hii nilirudi kwenye lile boksi langu la kwanza. Lilikuwa na lita 40 hivi, na "bomba" lake lilikuwa unene wa ubao tu, sentimita 1.8. Jibu likaja karibu 80 Hz. Boksi zima lilikuwa limefungwa kupiga kwa nguvu noti moja ya juu, na kila sauti iliyo chini ya hapo ilikuta koni haina kinachoizuia, ikarukaruka mpaka koili ikafa. Tundu bila bomba ni ugonjwa wa mji mzima. Sikiliza bajaji zinazopita Soweto yetu ya Mbeya jioni utaelewa.

Mwenye bomba ahakikishe amplifaya yake ina kichujio cha kukata sauti zilizo chini ya shabaha yake. La kuziba halidai hicho.

Mbao

Tuna bahati ya kuishi jirani na misitu. Plaiwudi inayotoka Mafinga, kwenye ukanda wa Sao Hill, inapatikana kila duka la mbao kuanzia Iringa hadi Tunduma. Chukua ya milimita 18. Kabla ya kulipa, isimamishe na uigonge kwa vifundo vya vidole kutoka juu hadi chini. Pakilia kama debe, ndani kuna pengo kati ya tabaka, na pengo hilo litakuja kuzomea ndani ya gari. Angalia na kingo zake, utaona mashimo kwa macho.

MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ina sauti tulivu na inakatika laini, na kwa mtu wa Iringa mjini sina neno nayo. Kwa mtu wa Tukuyu, ambako mvua ni mwenyeji, nasema hapana. Ikinywa maji kwenye kingo inavimba kama mkate ndani ya chai na hairudi. Tena ni nzito: ubao mzima wa futi 8 kwa 4 unakaribia kilo 40. Mbao za msonobari zilizopasuliwa ziachie kenchi. Zinajikunja zikikauka, na boksi likifunguka hata kwa unene wa ukucha, lita zako umezipoteza. Chipubodi usiiguse.

Kwa boksi letu nusu ya ubao inatosha na kubaki.

Vipimo vya kukata

Siti ya nyuma ya gari imelala kidogo, kwa hiyo boksi la mraba linaacha pengo la bure juu yake au chini. Tutalifanya upande wa nyuma ulale na siti. Kata katoni kwanza, iweke kwenye buti, funga mlango wa nyuma, ndipo uamini namba. Hakikisha pia tairi la akiba linatoka bila kung'oa boksi zima. Nimeshuhudia mtu Igawilo akifungua spika kwenye mvua ili afike kwenye tairi.

Kwa ndani tunataka upana 42.4, kimo 32.4, kina cha chini 31.3 na kina cha juu 24. Wastani wa vina viwili ni 27.65. Zidisha vyote vitatu, ugawe kwa 1,000: lita 38 kamili. Vipande ni hivi, kwa sentimita:

- Pembeni, vipande 2: chini 31.3, juu 24, kimo 32.4, ukingo wa mbele umesimama wima
- Mbele: 46 kwa 36
- Juu: 46 kwa 24
- Chini: 46 kwa 32
- Nyuma: 46 kwa 37

Vipande vya pembeni vinakaa ndani, na vile vinne vinavizunguka kama ukanda. Faida yake ni kwamba umbo la hewa ni lilelile ulilolichora kwenye pembeni, huna haja ya kutoa unene wa ubao kichwani. Kingo za nyuma za kipande cha juu na cha chini zikatwe kwa mlalo wa nyuzi 13 ili kipande cha nyuma kilale vizuri. Mpelekee fundi mwenye mashine ya meza, awamu moja anamaliza vyote. Mpe karatasi yenye mchoro, na umwombe kwa heshima asirekebishe. Mimi nilimwambia: "Mzee wangu, hata kama inaonekana imepinda, ndivyo inavyotakiwa." Akacheka, akakata, akaniambia vijana wa siku hizi wanatengeneza majeneza ya redio.

Kuunga

Kazi hapa inafanywa na gundi. Skrubu zinashikilia tu mpaka ikauke. Paka gundi nyeupe ya maseremala kwenye pande zote mbili, unganisha, toboa kwanza kwa drili tundu jembamba, halafu kaza skrubu za inchi 2 kila baada ya sentimita 15. Ukikaza bila kutoboa, plaiwudi inachanika tabaka. Gundi ikichuruzika kwenye kiungo chote, umepaka ya kutosha. Ifute kwa kitambaa chenye maji kabla haijakauka.

Angalizo la baridi. Mwezi wa 6 na wa 7, usiku wa Uyole, Makambako au Njombe, gundi hii haishiki. Chini ya nyuzi 10 hivi inakauka ikiwa kama chaki, nyeupe na yenye ungaunga, na kiungo unakibandua kwa mkono. Niliwahi kuunga boksi barazani saa 12 jioni mwezi wa 7, asubuhi kipande cha nyuma kikanibakia mkononi kama kifuniko cha sufuria. Ungia ndani, mchana, na liache boksi lilale jikoni kulikopikwa. Mama mwenye jiko atanung'unika, mvumilie.

Ndani, gundisha vipande vya sentimita 2 kwa 2 kwenye pembe zinazokwenda upande hadi upande, na mkingamo mmoja mnene zaidi katikati ya kipande cha nyuma, ambacho ndicho kipana na ndicho kinachopenda kutetemeka. Halafu pitisha silikoni kwenye kila kiungo, uibonyeze kwa kidole chenye maji ya sabuni. Silikoni yenye harufu ya siki iache saa 24 kabla ya kuweka spika, kwa sababu mvuke wake unakula shaba.

Tundu la spika: tumia kipenyo kilichoandikwa kwenye karatasi, si upana wa spika yenyewe. Piga msumari katikati, funga uzi na penseli, zungusha. Kwa spika nyingi za inchi 12 tundu linakaribia sentimita 28, ila usiniamini mimi, iamini karatasi yako. Kata na jigso polepole ukifuata mstari, usitoke nje yake zaidi ya unene wa penseli. Likizidi, skrubu zitakosa pa kung'ata.

Tundu la nyaya la pembeni lifunge kwa terminali yake na silikoni. Waya unaopita kwenye kitundu kitupu ni mlango wa hewa.

Weka spika na ukanda wa sponji chini ya ukingo wake, kaza skrubu mkabala kwa mkabala kama nati za tairi. Sasa jaribio ninalolipenda kuliko yote: bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, kisha ishikilie hapo sekunde kadhaa. Ikiendelea kukusukuma kwa nguvu ileile, boksi limeziba. Nguvu hiyo ikilegea taratibu chini ya vidole, pana mahali panavuja. Pitisha ukingo wa mkono uliolowa maji kando ya viungo huku mwenzako akibonyeza, utapasikia.

Kapeti libandike kwa gundi ya viatu. Paka pande zote, subiri ikauke kwa kugusa, halafu bandika mara moja bila kurudia.

Umeme, kwa ufupi lakini kwa ukali

Wati za kweli za amplifaya zisome kwenye fyuzi yake. Zidisha ampia kwa 13.8, kisha kwa 0.8 kwa amplifaya za kisasa za daraja D. Fyuzi ya ampia 30 inatoa wati 330 hivi, hata kama kava limeandikwa 2000. Kwa wati 500 halisi utavuta ampia 45 hivi, na waya wa shaba wa milimita za mraba 16 kutoka betri hadi buti unazibeba vizuri.

Fyuzi kuu iwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Waya usio na fyuzi ukichubuka mahali unapopita kwenye bati ni moto wa gari, na hapo hakuna mjadala. Pale kwenye bati weka mpira. Ethi, ule waya wa hasi unaofungwa kwenye bati la gari, iwe fupi, chini ya nusu mita, na pale inapofungwa kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Nyaya za sauti zipite upande wa pili wa gari, mbali na wa umeme, vinginevyo utasikia injini ikiimba.

Kabla ya kuunga amplifaya, gusisha betri ndogo ya 1.5V kwenye nyaya za boksi. Chanya kwenye chanya, koni itoke nje. Ikiingia ndani, umegeuza.

Kwenye amplifaya kata sauti za juu kuanzia 80 Hz. Kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa "gain" kianze sifuri, redio iwe robo tatu ya sauti yake, kisha pandisha mpaka besi ianze kukwaruza, urudi nyuma kidogo. Baada ya hapo kitufe hicho usikiguse tena, na abiria wasikiguse.

Kulifunga

Boksi na spika ni kama kilo 20. Ukishuka Kitonga ukakanyaga breki ghafla, kilo hizo zinakuja mgongoni mwako. Pitisha bolti mbili kwenye sakafu ya buti ukiwa umechungulia chini kwanza kuona tangi la mafuta na mabomba ya breki yako wapi, au tumia mikanda ya kubebea mizigo kwenye ndoano za buti.

Siku ya kwanza nilipowasha boksi la pili, la lita 34, besi ilikuja safi, na juu yake kelele kama nyuki ndani ya debe. Nikafungua spika nikaiweka tena. Nikapaka silikoni upya. Nikamlaumu muuza mbao. Mwisho mtoto wa jirani aliyekuwa amesimama nyuma ya gari akanyoosha kidole: "Anko, namba inacheza." Kibao cha namba kilikuwa kinagonga mlango wa buti. Nikakata vipande viwili vya tyubu kuukuu ya baiskeli, nikavibandika nyuma yake.